Ukurasa wa Kumi na Nne

Wako watu wakinyimwa chumba hulia, wakapiga simu nyumbani, yakaisha. Teresiah si wa hivyo. Siku alipoambiwa kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja kwamba kitanda kimeshachukuliwa, na tangazo bado limebandikwa palepale mlangoni, alitoka kwenye lindo lake la usiku akaenda moja kwa moja kununua daftari. Ndivyo chama chao, yeye na wenzake watatu, kilivyoanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anatangulia Prossy, Mganda, mweusi tii, mpole hata ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Anauliza chumba. Akiambiwa kimekwenda, zinapita dakika kumi, halafu anapanda Bassam. Bassam na dada yake Asila ni wa baba mmoja mama mmoja, familia ya Kizanzibari iliyokaa mtaa wa Al Baraha, huku kwa Waarabu, miaka na miaka. Asila kachukua rangi ya bibi, Bassam kachukua ya babu, mweupe, nywele za singa. Bassam akifika anapewa ufunguo na chai juu! Asila anaandika yote: tarehe, jengo, maneno yaliyosemwa. Kurasa thelathini na moja zilikuwa zimejaa.

Wakfu mmoja wa jamii ulikuwa unatoa ruzuku kwa vikundi vinavyopigania usawa wa rangi, nao wakajaza fomu. Walitaka kitu kimoja tu: chumba kikubwa chenye jina lao mlangoni, anayefukuzwa alale. Na haukuwa mzaha. Miezi miwili Prossy alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda cha Teresiah kule Al Nahda, na wenzao wa chumba walishasema mwisho Jumapili.

Ijumaa, watu wametoka kanisani na msikitini, maana huku hata kanisa husali Ijumaa, mwakilishi wa wakfu akaja kwa kina Asila. Madam Phyllis, Mkenya wa Nyeri. Teresiah, Mkenya pia, alipomsikia tu akiongea, moyo ukatulia. Wetu huyu, alijiambia.

"Mmefanya kazi safi," Phyllis alisema, kaimati mkononi. "Wakubwa wamekubali. Nachagua kurasa za kuambatisha, natia sahihi, tumemaliza."

Akafunua, akafunua. Kwenye ukurasa wa kumi na nne kaimati ikarudi kwenye sahani.

"Huu tuutoe."

"Kwa nini, madam?"

"Haujaandikwa vizuri."

"Ebo! Mwandiko wangu mie?" Asila alimnyang'anya daftari, akasoma kwa sauti. "Al Nahda, ghorofa ya sita. Prossy: kimekwenda. Bassam, dakika kumi baadaye: karibu, hamia leo. Dalali kasema mwenye nyumba hataki Waafrika. Sasa kibaya kipi hapa?"

Phyllis alifuta vidole kimoja kimoja. "Nyumba ni yangu," alisema. "Lakini si mimi niliyesema, ni dalali. Majirani wanalalamika. Si mnawajua watu wetu na kelele."

"Watu wetu!" Teresiah alicheka, na hakuna aliyecheka naye.

"Dada, tusiharibiane. Ni ukurasa mmoja, mnazo thelathini nyingine. Ukitoka, natia sahihi sasa hivi. Ukibaki, fomu yenu haitoki mkononi mwangu."

Haki ya Mungu, Teresiah aliushika ule ukurasa. Aliiona Jumapili, akauona mkeka wa Prossy umekunjwa nje kwenye korido. Kuchana ni sekunde moja. Akamgeukia Prossy, maana ukurasa ulikuwa wake na sakafu ilikuwa yake.

"Siku ile nilishuka ghorofa sita kwa ngazi," Prossy alisema polepole. "Lifti ilikuwepo. Sikutaka mtu anione nikilia. Usiuchane."

Teresiah akachukua kalamu ya Phyllis pale mezani, akamrudishia mkononi.

"Khalas, yameisha, madam. Fomu tutawapelekea wakubwa wako sisi wenyewe. Na huo ukurasa tutauweka juu kabisa."

"Hamtapata kitu!"

"Basi tusipate! Chumba cha kununuliwa kwa kumfuta Prossy, akalale humo nani?"

Phyllis akabeba mkoba wake, akafika mlangoni. Hapo Prossy, yule asiyepandisha sauti, akamwita.

"Madam. Kile chumba cha ghorofa ya sita, bado kipo?"

Phyllis hakugeuka. "Kimeshachukuliwa."

Bassam hakungoja dakika kumi. Alitoa simu, akampigia dalali, akaweka sauti ya juu, akauliza kwa Kiarabu chake cha Al Baraha. Dalali akamjibu kwa furaha, wote wakasikia, na Phyllis akasikia, mkono uko kwenye kitasa. Chumba kipo, habibi. Yalla, njoo, ufunguo ninao.

Asila alishafungua ukurasa mpya.

"Andika," Teresiah alisema. "Na jina la madam liandike kamili."