Shangazi Lazima Aonekane

Simu yangu ilichagua siku ya kuposwa kwa Fancy kuniaibisha. Imekuwa nzito kwa muda mrefu, nabonyeza nasubiri, nikichoka naiweka chini naendelea na shughuli zangu, na hatukuwa tumekosana. Lakini Jumamosi hiyo asubuhi, kila nilipojaribu kupiga simu ya video, app ilifunguka, ikazungusha kile kiduara chake, picha ikaganda, halafu ikajifunga na kunirudisha nje. Nikarudia. Ikajifunga tena. Nikaitukana kwa Kibukusu, lugha ninayotumia nikiwa sina mchezo, na bado haikusikia.

Nilikuwa kitandani kwangu Karagita, mguu wa kulia ukiwa kwenye plasta tangu bodaboda iniangushe matopeni nikitoka kazini kwenye shamba la maua. Daktari alikuwa amenikataza safari. Huko Kiamunyi, nyumbani kwa kaka yangu Wasike, hema lilikuwa limeshasimamishwa, na wageni kutoka kwa akina Kipyegon walitarajiwa saa nane mchana. Kipyegon ndiye alikuwa anataka kumwoa Fancy.

Fancy ni mtoto wa kaka yetu mwingine, marehemu Elphas. Kwetu msichana hatolewi bila shangazi, dada ya baba yake. Shangazi ndiye huulizwa mbele ya wageni, na akinyamaza hata chai haimiminwi. Na kwa kuwa Elphas hayupo, neno langu siku hiyo lilikuwa langu na lake pia. Tena msichana mwenyewe nimemlea mimi. Alimalizia shule ya msingi akilala katika chumba hiki hiki changu cha kupanga, upande wa ukutani, akinipiga mateke usiku kucha.

Wasike alikuwa ameongea na Mzee Kosgei, msemaji wa upande wa kina Kipyegon, akamweleza habari ya mguu wangu. Mzee Kosgei akakubali niongee kwa simu, ila kwa sharti moja: shangazi lazima aonekane. Sauti peke yake, alisema, inaweza kuwa ya mtu yeyote. Nilimheshimu kwa hilo, kwa maana hata mimi ningesema vivyo hivyo. Lakini Wasike akaongeza lake, kwamba simu ikisumbua, mke wake Trizah atakaa kwenye kiti changu na kusema neno badala yangu.

Trizah. Mwanamke aliyeolewa kwetu, wa ukoo mwingine kabisa, ambaye siku ya kwanza kumwona Fancy akiwa mchanga alisema mtoto ana masikio makubwa. Sina chuki naye, tunasalimiana vizuri na kutumiana mboga. Lakini kiti kile si chake, na anajua si chake, na bado nilisikia ameshashonesha gauni.

Basi nikamwita Akoth, jirani yangu wa mlango wa pili. Akoth na mimi tunafanya kazi pamoja, mimi nikichambua waridi, yeye akiyafunga. Waridi likipata joto hulegea, na dawa yake ni chumba cha baridi, kwa hiyo miaka ya kazi hiyo imemfundisha Akoth kwamba chochote chenye shida kina joto. Aliigusa simu kwa kiganja, akatikisa kichwa kama muuguzi, akaifunga kwa kitambaa kibichi na kuilaza sakafuni kwenye simenti. Tulipoifungua ikaanza kulia kwamba kuna maji kwenye tundu la chaji. Nilimwangalia Akoth, naye akaangalia dari.

Tuliikausha kwa ncha ya leso, tukaizima kabisa, tukaiwasha. App ikajifunga. Tukafunga kila kitu kilichokuwa kimefunguka nyuma yake, tukafuta mchezo wa peremende na tochi ya pili ambayo sijui nani aliiweka. Ikajifunga. Akoth akasema labda app imezeeka, inataka kuapdetiwa. Tukajaribu, na simu ikakataa, ikaandika kwamba haina nafasi. Akoth alitaka kunipelekea kwa fundi wa pale stejini aiflashi, yaani afute kila kitu ianze upya, lakini mimi nilikuwa nimeona lile neno nafasi, na hasira zangu zikaanza kuwa na akili kidogo. Kumbe simu haikuwa mgonjwa. Ilikuwa imeshiba.

Tukaingia kwenye mipangilio kuangalia ilikuwa imekula nini. Picha zangu mwenyewe zilikuwa chache tu. Karibu nafasi yote ilikuwa imemezwa na ile app ya video, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo ya magroup. Nikafungua ndani yake, mahali inapoyapanga magroup kuanzia lililonona zaidi, nikasoma majina. Yote yalikuwa ya mazishi.

Sisi hatutoki kwenye group ya matanga. Mtu akiugua, group hufunguliwa kwa jina la matibabu. Akitutoka, jina hubadilishwa kuwa la mazishi. Akishazikwa, kila mtu hubaki humo kimya, kwa sababu nani anataka kuwa wa kwanza kuonekana ameondoka? Huyo atasemwa kwamba alikuwa anangoja wali na nyama tu. Basi tunabaki, na baada ya muda watu huanza kutuma humo mahubiri, vichekesho na matangazo ya mashamba, na marehemu wa watu anageuzwa soko. Nilikuwa kwenye magroup ya wafu ambao siku hizi hata sikumbuki tulikuwa tunahusiana vipi. Na lililokuwa juu kabisa, zito kuliko yote, lilikuwa "Mazishi ya Elphas". Admin wake ni Trizah.

Mimi kufuta naogopa. Kuna wakati nilifuta ujumbe niliokuwa nimetuma kwa makosa, na ukoo mzima ukaona alama kwamba Eucabeth amefuta kitu. Watu walinipigia kutoka hadi Bungoma kuniuliza nilikuwa nimesema nini. Tangu hapo nikaamini kwamba ninachofuta kwangu kinafutika kwa kila mtu, na jina langu linatangazwa. Nilijiona nimefuta mazishi ya kaka yangu kwenye simu za watu wote, siku ya kuposwa kwa binti yake, na Trizah akisoma tangazo hilo kwa sauti chini ya hema.

Lakini saa sita ilikuwa imepita, na uoga nao una mwisho wake. Nikaamua kujaribu kwanza kwa kitu kisicho na mwenyewe. Akoth na mimi tuko kwenye group moja ya ploti, ya wapangaji wote wa hapa, na mwangalizi wa ploti alikuwa ametutumia video ndefu ya bomba lililopasuka. Nikaitafuta upande wangu, nikafumba jicho moja, nikaifuta.

"Angalia kwako," nikamwambia Akoth. "Bado iko ama imeenda?"

Akoth akaangalia simu yake. "Iko. Hata maji bado inamwagika."

"Na imesema ni mimi nimefuta?"

"Haijasema kitu, mathe."

Sijui niwaeleze vipi raha niliyoisikia. Niliketi wima, plasta na yote, nikaanza kazi. Nikafuta malori ya viti. Nikafuta hotuba za wanasiasa waliofika wakati jeneza linashushwa ili wapewe maikrofoni. Nikafuta kwaya zilizorekodiwa na watu ambao vidole vyao vilikuwa mbele ya kamera. Hakuna aliyetangazwa, hakuna aliyetolewa, majina ya marehemu wote yakabaki mahali pao kwa heshima. Akoth akawa ananisaidia, yeye akibonyeza mimi nikiamua, mpaka tukafika juu. Hapo akanirudishia simu.

"Hii ya brathako siwezi gusa. Hii ni yako."

Niliketi nayo. Kusema kweli, nililia. Video zilikuwa nyingi, nami nilizifungua moja moja nikimtafuta Elphas. Niliona hema, nikaona masufuria, nikaona mimi mwenyewe nikishikiliwa na wanawake wawili, nikaona kofia za watu kwa nyuma. Elphas hakuwa mle. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba viti na hema, nikidhani nimembeba yeye. Nikaacha picha moja aliyotuma mtu, ile anacheka na shati limekosa kifungo, zile nyingine zote nikazifuta.

App ikaapdetiwa bila neno. Nikampigia Akoth video, naye amekaa ukingoni mwa kitanda changu, na uso wake ukatokea kwenye simu, wazi, ukitembea, na meno yake yote. Tulizungumza hivyo tukiwa tumegusana mabega, kama watu walio nchi mbili tofauti, na haikujifunga. Nikamwambia anifunge kilemba. Nilijisikia naweza kuposesha wasichana wa kaunti nzima.

Saa nane ikapita kidogo, simu ikalia. Walikuwa wametumia simu ya Trizah, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote pale nyumbani, wakaiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya meza ili wageni wote waone. Nikapokea. Nikaliona hema, nikauona ukingo wa koti la mzee fulani, halafu kila kitu kikaganda, na simu ikakatika. Mara hii haikuwa yangu. Yangu ilikuwa inapumua vizuri.

Wasike akanipigia kwa simu ya kawaida, akinong'ona. Wageni walikuwa wameona uso wangu umeganda mdomo wazi, kisha giza. Walikuwa wamejaribu tena, na app ilikuwa inajifunga kabla hata haijaita. Trizah alishasema ni network ya Karagita. Wazee wamechoka, akasema, na Mzee Kosgei ameuliza kama yuko mwingine wa kusema neno, na kiti kiko pale kitupu.

Sikupandisha sauti. Nilikuwa nimejua tatizo kabla hajamaliza, kwa maana mimi na Trizah tumezika watu wale wale.

"Wasike, niweke loudspeaker. Halafu mpe Trizah simu yake ashike."

Nikamwongoza Trizah hatua kwa hatua, hema zima likisikiliza. Nikamwambia aizime, aiwashe, aingie kwenye app, atafute mahali inapoonyesha nafasi. Akasema imejaa. Nikamwuliza ni group gani iko juu. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Ni ya Elphas."

Nikamwambia afute zile video. Nikasikia mtu akikohoa, na kiti kikisogezwa.

"Eucabeth, unataka nifute mazishi ya Elphas? Hapa, mbele ya wazee? Mbele ya mtoto wake?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, na karipio likanipotea. Uoga ule niliujua vizuri, nilikuwa nimetoka kuushinda saa ile ile. Naye pia alikuwa amembeba Elphas miaka yote hiyo bila kumwacha. Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo juu ya Trizah.

"Haitafutika kwa mtu mwingine, ni kwako tu," nikamwambia. "Na hapo ndani hakuna Elphas, mimi nimeangalia zote. Ni hema na viti. Kile Elphas alituachia kimekaa hapo mbele yako kimevaa kitenge. Futa tumwone."

Halafu nikasikia sauti ya Fancy, ya kwanza kusikika tangu asubuhi, kwa kuwa msichana anayeposwa hatakiwi kusema.

"Futa, mama."

Trizah akafuta. Nilikata ile simu ya Wasike nikasubiri, Akoth akiwa amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Simu yangu ikalia, nikapokea, na wote wakawa pale. Picha ilikuwa inatikisika kidogo kwa sababu Trizah hakuirudisha kwenye chupa ya chai. Alikuwa ameishika mwenyewe kwa mikono miwili, amesimama, akinizungusha polepole niwaone wote mmoja mmoja. Akanifikisha kwa Mzee Kosgei, naye akavua kofia.

"Mama, tunakuona," akasema. "Na wewe unatuona?"

"Nawaona wote, mzee. Karibuni kwetu."

"Asante. Tumekuja kuomba huyu msichana. Tumeambiwa wewe ndio shangazi. Unasema nini?"

Nikaomba Kipyegon asimame asogee karibu. Akaja, kijana mrefu mwenye jasho usoni, akainamisha kichwa. Nikamwambia akiinue. Nikamwangalia machoni muda niliotaka mimi, bila haraka, na simu haikuthubutu kuganda. Kisha nikaomba nionyeshwe Fancy, na Trizah akanipeleka mpaka karibu kabisa, nikamwona binti huyo amekaza midomo asilie. Nikamwuliza kama ni huyu. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi sikilizeni," nikasema. "Mimi ni Eucabeth, dada ya Elphas. Nimemwona huyu kijana, na nimemwona mtoto wetu anavyomwangalia. Nasema ndiyo, na Elphas amesema ndiyo. Mimineni chai."

Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni Trizah, hata picha ikaruka juu ikaonyesha paa la hema. Wengine wakampokea, wanawake wa kwetu na wa kwao. Akoth naye hakusubiri kualikwa, akapiga chake mlangoni pangu kwa nguvu zote, mpaka wanawake wa ploti nzima wakatoka vyumbani, mmoja na mwiko mkononi, wakiuliza nani anaolewa huku Karagita.

Nikawaambia ni binti yangu.