Mistari Miwili

Zaburi ya mia moja na kumi na saba ina mistari miwili tu. Ukiisoma kwa sauti ya kawaida, inakwisha kabla mtu hajamaliza kuvaa gambuti zake. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyeisoma asubuhi ile, na nilipofunga Biblia mguu mmoja wa Austine ulikuwa bado kwenye soksi.

Tulikuwa Silanga, nyuma ya ploti ya vyumba kumi na vinane. Wapangaji walikuwa wamekwenda vibaruani. Shimo lilikuwa wazi. Nami nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

Kazi yetu ilikuwa kumwaga vyoo. Lori la kunyonya halipiti kwenye vichochoro vya Kibera, kwa hiyo choo kikijaa huitwa watu. Tulikuwa wanne: mzee Okoth aliyekuwa kiongozi, Oloo wa mkokoteni, Austine, na mimi, Shivachi. Siku ya kwanza tulichota taka ya juu kwa ndoo yenye mpini mrefu, tukamimina kwenye pipa, Oloo akalisukuma pipa hadi kwenye bomba kuu la maji taka. Siku ya pili ilikuwa ya ile nzito ya chini, isiyokubali ndoo. Hiyo ilitaka mtu ashuke na koleo.

Okoth alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeuvunja. Kwanza tunafunua shimo. Halafu tunaketi kando, tunasoma sura ya Biblia kwa sauti, kwa zamu, tukifuata ilipoishia jana. Tukimaliza, kiongozi anafungwa kamba kiunoni na kushuka kabla ya mtu yeyote. Anakoroga, anakaa humo kidogo, anapanda. Ndipo wengine tunaingia. Sura ikiwa fupi, Okoth alisoma ya pili, na hata ya tatu. Alikuwa mzee wa kanisa letu dogo la mabati, na tulidhani ni ucha Mungu tu.

Austine, aliyekuwa na miaka ishirini na sita, hakuweza kunyamaza. Tulipofika kwenye zile sura za fulani alimzaa fulani, alipiga miayo hadi machozi yakamtoka.

"Mzee, hawa wote walizaliwa, tumeskia. Si tuingie tu?"

"Uko na haraka ya kwenda wapi?" Okoth alimjibu. "Huko ndani?"

Tulicheka. Okoth aliendelea kusoma, kidole chake kikitambaa chini ya maneno. Mimi niliacha shule darasa la tano, huko Vihiga, na kusoma sawasawa nilijifunza nikiwa nimeketi juu ya ule mkokoteni, nikifuata kile kidole. Hakuwahi kunicheka. Nikikwama kwenye neno alingoja, kama mtu aliyeshika mlango mpaka mwenye mzigo apite.

Kisha shangazi yake akafa, naye akasafiri kwenda Alego kuzika. Aliniachia Biblia, kamba na kikundi. Aliniachia pia barua ya mwaliko. Wageni walikuwa wanafanya semina huko Olympic, mtaa ulio juu yetu, kwenye ukumbi wa kukodi, ya viongozi wa makanisa na vikundi. Uongozi wa utumishi, ndivyo ilivyoandikwa. Ilikuwa ianze saa tatu. Okoth alisema, "Nenda wewe, kwa jina la kikundi."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Hakuna aliyewahi kunialika mahali popote kwa barua.

Kwa hiyo nilikwenda kazini nimevaa viatu vya ngozi. Mpango wangu ulikuwa kusoma, kuwaanzisha vijana, kisha kupanda Olympic. Kitambaa cha kuashiria ukurasa kilikuwa kwenye Zaburi ya mia moja na kumi na saba. Sikuichagua, tulikuwa tumefika hapo. Lakini nilipoona mistari ni miwili nilifurahi, na furaha hiyo naikumbuka vizuri kuliko sura ya marehemu mama yangu. Iliyofuata ilikuwa ndefu. Sikuifungua.

Oloo alikuwa ameenda kumwaga pipa la mwisho la jana. Tulibaki wawili.

"Ingia wewe," nilimwambia Austine. "Mimi nimevaa."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

"Aii, buda. Leo umekuwa wa kukaa juu. Si mzee huwa anaingia wa kwanza?"

"Mzee hayuko. Ingia, nimechelewa."

"Sawa, mkubwa. Ukifika huko uwasalimie. Uwaambie Austine ako ofisini."

Alivaa gambuti ya pili. Nilimfunga kamba kiunoni. Hilo nalitaja kwa sababu ndilo jambo pekee nililofanya inavyotakiwa. Akashuka akiwa bado anacheka. Nilisikia koleo likiingia mara moja, mara mbili, na kile kitu kizito kikigeuka. Kisha akasema, "Buda," kwa sauti ya chini, kama anayetaka kuniomba kitu mbele ya watu. Halafu kamba ikawa nzito.

Nilivuta. Mtu mzima aliyelegea hapiti kirahisi kwenye tundu la choo. Alikwama mabegani. Nilimshika kwapani, nikaegemeza viatu vyangu kwenye ukingo, nikapiga mayowe, na Oloo akafika mbio na pipa tupu. Tulipomtoa macho yake yalikuwa wazi na mdomo umejaa. Tulimlaza juu ya mkokoteni uleule, tukakimbia naye hadi kliniki ya karibu. Watu walitupisha njia kwa kuziba pua, wakidhani ni kazi ya kila siku. Daktari alimgusa shingoni, akachukua shuka.

Chifu aliuliza ilikuwaje. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi yake, shati likiwa limenikaukia mwilini.

"Aliingia mwenyewe," nikasema. "Hakungoja."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yakiwa yameshaungana, na yalipokwisha kutoka yalianza kufanya kazi yao. Chifu aliandika. Oloo hakuwa ameona, akayarudia kama nilivyoyasema. Kufikia jioni Silanga nzima ilijua kwamba Austine alikufa kwa haraka zake.

Okoth alirudi kutoka kuzika na kukuta matanga mengine. Siku ya maombi kanisani alisimama mbele ya mama yake Austine, mama Apiyo, aliyekuwa amefika kutoka Siaya, na mbele ya Audrey, mke wa marehemu.

"Kikundi ni changu," alisema. "Kama huyu kijana hakungoja, ni mimi sikumfundisha kungoja. Msiulize mwingine."

Nilikuwa benchi la tatu. Mama Apiyo alitikisa kichwa polepole.

"Ni hivyo tu alikuwa," alisema. "Tangu akiwa mtoto. Hata uji hakungoja upoe."

Watu waliguna kwa huruma. Mama alikuwa anatafuta ndani ya maisha ya mwanawe kitu cha kushikilia uongo wangu, na alikuwa anakipata. Kila aliyemwendea kumpa pole, mama alimsimulia kuhusu uji. Nilisikia akilisema jambo hilo mara nne kabla gari la maiti halijaondoka.

Kanisa lilimvua Okoth uzee. Kikundi nacho kilitaka kiongozi mpya, kikanichagua mimi. Mtu mmoja aliyekuwa amehudhuria semina aliniambia nilikosa mambo mazuri sana. Alisema walimwombea marehemu dakika nzima.

Miezi kumi na minne nilikuwa kiongozi. Kila asubuhi nilisoma sura, na kila mara niliongeza ya pili. Nilipofunga Biblia na kunyoosha mkono kuchukua kamba, Okoth alikuwa ameshajifunga. Alishuka yeye. Sikumtuma, na sikumzuia. Mara ya kwanza nilisema, "Mzee, hii ni zamu yangu," na yeye akajibu, "Shika vizuri huko juu," basi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Nilisimama juu ya lile tundu nikitazama kichwa chake chenye mvi kikizama.

Watu husema Neno likisomwa kila siku humbadilisha mtu. Mimi nilisoma kila siku, kwa sauti, nikiwa na akili timamu, na nikabaki mwongo siku zote hizo. Nilimaliza Zaburi, Mithali na manabii. Nilisoma mambo yaliyonihusu kabisa, kwa sauti nzuri, na vijana wapya wakaitikia amina.

Kila Jumamosi Okoth alikuwa akitembea hadi Kabiro, Kawangware, ambako Audrey alihamia baada ya mazishi akafue nguo za watu wa Lavington. Mama Apiyo alikuja kuishi naye ili amlelee mtoto aliyeachwa na Austine. Okoth aliwachotea maji na kuwakatia kuni. Sikuwahi kwenda. Nilituma salamu.

Kisha kifua kikamshika Okoth. Alikohoa mvua zote mbili za mwaka ule, na mwishowe wanawe wakaja kumchukua wampeleke nyumbani. Siku moja kabla ya safari nilimkuta chumbani mwake akiwa ameketi kitandani, vitu vyake vyote vimefungwa katika gunia moja. Nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa limenisumbua muda mrefu.

"Mzee, kwa nini ulikuwa unafunua shimo kwanza ndiyo usome? Kwa nini usisome halafu ufunue?"

Alichukua muda kupata pumzi.

"Zamani kabla yenu nilifanya kazi na jamaa fulani. Tulifunua, akaingia papo hapo. Akabaki. Siku ya pili tukafunua lingine, mvua ikanyesha, tukajikinga, tukaingia baadaye, hakuna kitu. Nikajua ni ile hewa. Inataka muda itoke."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia ni hewa, mngeanza kukadiria. Leo inatosha, leo haitoshi. Nikaona nikiweka Neno hapo, hakuna mtu ataliibia dakika." Alinitazama. "Hapo ndipo nilikosea. Nilipaswa kuwaambia."

Afisa mmoja wa afya aliniambia baadaye kwamba hata saa nzima isingetosha kila mara, kwamba ile hewa hutoka unapokoroga. Nilipolisikia hilo nililikimbilia kama kivuli. Lakini halikunikinga. Kama kusoma hakukutosha, basi aliyestahili kubaki mle ndani alikuwa mwenye kushuka wa kwanza. Na mwenye kushuka wa kwanza siku ile alikuwa mimi.

Sikumwambia Okoth. Nilifungua mdomo, na yeye akainua mkono, labda kwa kuwa alikuwa amechoka, labda kwa kuwa alijua. Alisema jambo moja tu.

"Audrey huniuliza kama Austine alisema kitu. Mwisho. Mimi sikuwepo, nitajibu nini?"

Aliondoka Jumatano. Ijumaa ya wiki ya tatu tukapata habari kwamba amefariki.

Jumamosi nilitembea. Nilipanda kupitia Olympic, nikavuka barabara ya Ngong, nikashuka Kawangware nikiuliza njia. Kabiro ni vyumba vilivyobanana, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Audrey alikuwa uani, mikono ndani ya karai.

"Baba Annet," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Umepotea. Tumesikia habari ya mzee."

"Sikuja kwa ajili ya mzee."

Hakunikaribisha kuketi, nami sikutaka. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu viatu, kuhusu saa tatu, kuhusu mistari miwili. Nilimwambia kwamba mtu wa kushuka alikuwa mimi. Nilimwambia kwamba marehemu aliuliza kama si kiongozi huingia wa kwanza, na kwamba nilimjibu aingie. Nilimwambia alichekesha, na alichosema, na kwamba mwisho kabisa aliniita. Kwamba alingoja, siku zote alikuwa akingoja, na aliyeona haraka ni mimi, na kwamba yale niliyomwambia chifu niliyatunga.

Hakuinua macho kutoka kwenye karai. Alisugua kola ile ile mpaka nikamaliza, na baada ya hapo aliendelea kuisugua. Jirani mmoja aliyekuwa akichambua sukuma wiki alibeba bakuli lake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo njia nzima. Nilijua hata nitakavyosimama.

Audrey alikamua ile nguo, akaitundika, akapangusa mikono kwenye leso. Akaingia chumbani. Nilisikia akisema maneno machache ya Kijaluo, kwa sauti ya kumwamsha mtu taratibu. Alitoka amemshika mkono mama Apiyo. Mama alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Audrey alimketisha kwenye kiti cha plastiki, akamgeuza uso uelekee nilipokuwa.

"Ni nani?" mama aliuliza.

"Utamskia," Audrey alimwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Anza mwanzo. Sema kwa sauti, haskii vizuri."

Nilikohoa. "Mama," nikasema, "siku ile, marehemu..."

"La," Audrey alisema. "Ako na jina."

Maji ya karai yalikuwa yakitulia. Mama Apiyo alikuwa amekunja mikono yake mapajani, akingoja, kichwa amekiinamisha kidogo ili apate kusikia.

"Austine," nikasema, na mama akainua uso.