Tundu Lenye Ukingo Mwekundu

Nianze na kidole gumba cha mkono wa kulia, kwa sababu ndicho kilichobeba ushahidi. Kwingine kote siku ile nilikuwa safi: sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa, uso wa mtu ambaye hajawahi kumkosea hata paka. Nikiukumbuka uso ule natamani nikutane nao njiani niuzabe kofi.

Mwaka ule tulibaki maofisa wapya wawili katika mashindano ya mizinga ya kituo chetu cha wanamaji, mimi na mwenzangu tuliyembatiza Kobe. Hakuwa mzembe. Alikuwa tu hapigi mpaka aridhike, na wakufunzi walimfokea hadi sauti zikawakauka. Atakayeshinda angebaki kwenye mizinga. Atakayeshindwa angekwenda stoo kuhesabu mabuti mpaka azeeke. Ramani zilimshinda Kobe, kwenye gwaride alipishanisha miguu, lakini ukimweka nyuma ya darubini ya mzinga alikuwa mtu mwingine kabisa.

Tuzo yenyewe ilikuwa ya kumbukumbu ya luteni mmoja kijana. Siku moja mzinga wake uligoma risasi ikiwa ndani, akawarudisha nyuma mabaharia wake, akaenda kuukagua mwenyewe, nao ukalipuka. Mama yake ndiye aliyekuwa fundi cherehani wa kituo, mshonaji wa yale maturubai yanayovutwa baharini yakawa shabaha. Tulimwita Mama Fundi. Walipotaka kutengeneza kombe kwa jina la mwanawe alikataa. Badala yake kila mwaka alikata kipande cha turubai chenye tundu safi kuliko yote, akakipinda kingo, akashona jina la mshindi kwa mkono. Alikuwa na sharti moja tu: mshindi aje karakana, akae kwenye kigoda, amshikie kitambaa wakati anashona.

Turubai lilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili, kwa hiyo matundu yalitofautishwa kwa rangi. Ncha za risasi zilipakwa rangi nzito isiyokauka upesi, na kila risasi iliyopenya iliacha alama kwenye ukingo wa tundu lake. Mimi nilipangiwa nyekundu, Kobe bluu. Nani ana rangi gani tulijua sisi wawili na mhesabu tu, kwa karatasi. Mabaharia wanaopakia risasi mzingani hawakuambiwa, asije akatokea wa kumpendelea mtu, na mpigaji mwenyewe jicho liko kwenye darubini, haoni ncha inayoingia.

Nilipiga kwanza. Nilikuwa na risasi thelathini, na mzinga ukakwama zikiwa zimebaki nne. Kobe akafuata kwenye boti yake, taratibu kama kawaida, akazimaliza zote. Tulipokuwa tunarudi gatini nikafungua sanduku langu kuzihesabu zile nne za kurudisha. Ncha zake zilikuwa za bluu.

Masanduku yalikuwa yamepishana asubuhi wakati wa kupakia. Hakuna aliyekusudia, yalifanana kama mapacha. Nilichotakiwa kufanya ni kushika redio na kusema sentensi moja. Nikajiambia, ngoja kwanza wahesabu, huenda tumelingana, huenda isiwe na maana yoyote. Wizi wenyewe ni huo, usitafute mwingine. Nikachukua tambara lenye petroli, nikazifuta ncha zote nne, moja baada ya nyingine, nikijidanganya kwamba risasi za kurudisha stoo husafishwa hata hivyo.

Turubai likatandazwa kwenye sakafu ya karakana ya Mama Fundi. Mhesabu alitembea juu yake na chaki, Kobe na mimi tumeegemea ukuta. Bluu sita. Nyekundu kumi na tisa.

"Hongera, bwana mwekundu," mhesabu akaniambia.

Kobe alinigeukia akanikumbatia. "Umenipa kipigo cha mbwa mwizi, ndugu yangu," akasema, anacheka huku macho yamejaa maji. Nami nikampigapiga mgongoni. Ndiyo, nilithubutu kumpigapiga mgongoni.

Mama Fundi alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na muda wote alikuwa na pini nne tano mdomoni. Watu walidhani ni mkali, kumbe pini tu ndizo zilizomzuia kucheka. Akanishika mkono kunipongeza, akaugeuza, akakitazama kidole gumba. Chini ya ukucha palikuwa na bluu.

Akazitema pini kiganjani. "Wewe nawe umepaka rangi pamoja na mabaharia?"

Nikajitia hamnazo. "Ndiyo, Mama Fundi. Niliwasaidia kidogo."

"Hebu njoo hapa." Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akakifuta kidole changu kwa subira, mpaka pembeni kabisa mwa ukucha, kama anayemfuta mtoto pua. "Mwanangu alikuwa hivihivi. Anarudi nyumbani na rangi mpaka kwenye nyusi. Nikimwambia wewe ni ofisa bwana, waachie wenzio, ananijibu, 'Mama, si mimi ndiye nitakayepiga?'"

Wiki iliyofuata nikakaa kwenye kigoda nikamshikia kitambaa. "Shika hapo. Kaza," alikuwa akisema. Alipofika katikati alisimama kunyoosha vidole. "Jina refu hivi! Wazazi wako hawakumhurumia fundi." Nilicheka. Nilikuwa bado naweza kucheka.

Siku ya kukabidhi tuzo, mbele ya kamanda na kituo kizima, Mama Fundi aliomba kusema neno. Hakuwahi kufanya hivyo mwaka wowote. "Huyu nilimkuta na rangi kidoleni," akasema. "Nikamfuta mwenyewe. Nikasema moyoni, kumbe bado wapo." Akarudi kwenye kiti chake. Watu wakapiga makofi, na Kobe akaendelea kupiga peke yake wenzake walipokwisha kuacha. Niliomba ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, nikapiga saluti.

Kobe akaenda stoo. Mimi nikabaki kwenye mizinga, na kile kitambaa nikakitundika sebuleni. Wageni wakiuliza, nilikuwa na hadithi fupi niliyoipiga msasa vizuri, yenye bahari chafu na mzinga uliokwama. Wakishaondoka, nilikuwa nakaa kwenye kiti kilichokipa kitambaa mgongo. Kazini nilikuwa nazunguka nyuma ya majengo ili nisipite mlango wa stoo.

Mwaka ulipozunguka nikapewa kusimamia mashindano, na rangi inatolewa stoo. Hapo hapakuwa na pa kuzungukia. Kobe alikuwa amekonda. Aliweka makopo mawili kaunta, akasoma vibandiko, akafungua vifuniko akachungulia, akafunga, akafungua tena.

"Ni nyekundu na bluu, bwana," nikamwambia. "Unatafuta nini humo?"

"Siku hizi naangalia mara mbilimbili." Akasita. "Nikuulize kitu, lakini usinicheke. Siku ile mimi niliziona zikiingia. Nyingi tu. Ningekula kiapo. Halafu wanahesabu, sita! Hebu niambie wewe mtaalamu, nilikosea wapi?"

Nikayavuta makopo upande wangu.

"Maana tangu siku ile siyaamini macho yangu," akasema. "Hata kuvuka barabara nasimama mpaka watu wananishangaa. Nimekwenda kwa daktari wa macho mara tatu. Anasema hayana kitu, niache kumsumbua."

Kwamba nilimnyang'anya kazi nilikuwa nalijua, na nilishajizoeza kuishi nalo. Hili la macho sikulijua.

"Upepo," nikasema. Nikachukua makopo, nikaondoka. Hata pale, ana kwa ana, nilisema upepo.

Nilifika nusu ya njia ya gatini miguu ikakataa. Nikayaweka makopo chini, nikaenda nyumbani, nikakitungua kitambaa ukutani, nikaenda karakana. Mama Fundi alikuwa kwenye cherehani, anashona turubai la mwaka ule.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawajika?"

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliendelea kushona nilipotaja masanduku. Nilipofika kwenye tambara la petroli cherehani ikanyamaza. Akavua miwani.

"Nilikufuta mimi," akasema. "Kwa mkono wangu huu."

"Ndiyo, Mama Fundi."

"Nawe ukaniangalia tu."

"Ndiyo."

"Nikakufananisha na mwanangu, mbele za watu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Aibu yako mwenyewe ukanipa na mimi niifute."

Hapo nilitazama sakafu. Nimefokewa na makamanda, nimefokewa na baba yangu mzazi, lakini sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona mbele ya yule mama mfupi mwenye miwani ya uzi. Akafungua droo, akatoa kiwembe, akakiweka mezani.

"Kaa. Fumua mwenyewe."

Nilifumua jina langu herufi baada ya herufi, tangu saa sita mchana mpaka saa tisa. Alikuwa ameshona kwa nguvu na nyuzi hazikutaka kutoka. Jina ni refu, na safari hii hakuna aliyetania. Lilipotoka lote, vikabaki vitundu vya sindano, na mtu angeinama kidogo angeweza kulisoma bado.

"Hivyo havitoki," akasema. Akatunga uzi mpya, akakisogeza kigoda kwa mguu. "Shika hapo. Kaza."

Akashona jina la Kobe, jina lake la kweli, juu ya vitundu vyangu. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akanipa kitambaa. "Mpelekee mwenyewe. Kisha nenda kwa kamanda. Usimwambie hata mmoja wao kwamba mimi ndiye niliyekutuma." Kisha akavaa miwani akarudi kwenye cherehani yake, wala hakuniaga.

Kobe alikuwa akipanga mabuti kwenye rafu. Nilimweleza yote bila kupumzika, nikiwa nimejiandaa kwa ngumi, na kwa kweli nikiitamani. Haikuja. Akakipokea kitambaa, akaenda nacho dirishani. Jina hata hakulisoma. Aliweka kidole kwenye lile tundu akaufuatisha ukingo mwekundu, pande zote, polepole.

"Zote kumi na tisa?" akauliza.

"Zote."

Akakaa juu ya sanduku la mabuti. Nikaanza kumwomba msamaha, maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, akaninyamazisha kwa mkono bila kunitazama. Alikuwa amekiinua kitambaa usawa wa uso, amefumba jicho moja, na kwa lile jingine anachungulia kupitia tundu, nje ya dirisha, mpaka kule gatini.

"Kwa hiyo nilikuwa naona," akasema, wala hakuwa akisema na mimi.