Kitabu Kifupi cha Fundi

Kitabu kinene hakishikiki kwa mkono mmoja. Watu wenye afya zao hawalijui hili, maana mikono yao yote miwili iko huru. Sisi wa chumba cha mashine, wenye figo zilizogoma, mkono mmoja tunaulaza juu ya mto ukiwa na sindano, damu inatoka chafu na kurudi safi, na ole wako uujongeze. Mashine inapiga kelele, Sista anakuja mbio, na unapewa maneno yako. Unabaki na mkono mmoja na dari ya kutazama.

Ndiyo maana nilianza kukata vitabu. Mimi, mkutubi wa shule maisha yangu yote, niliyekuwa nikimtimua mwanafunzi kwa kukunja pembe ya ukurasa, nilichukua wembe nikapasua riwaya mgongoni, nikatoa vipande vyembamba vya kushikika. Fundi cherehani, ambaye kiti chake kiko jirani na changu, akavichukua akavishona dukani kwake kwa uzi mzito wa suruali. Tangu siku hiyo akaniita Bi Wembe, na chumba kizima kikamfuata.

Tukajiwekea utaratibu. Anayependekeza kitabu awe amekisoma chote, na haruhusiwi kusimulia kilichomo. Anasema tu kinamfaa nani. "Hiki kinamfaa mtu aliyenuniana na ndugu yake," Dereva wa malori, mgonjwa mwenzetu wa kiti cha mbele, alisema siku moja, akinisogezea kipande kwa ncha ya mguu. Nikamuuliza nani amempelekea habari za kwetu. Ilikuwa riwaya ya dada wawili waliojenga ukuta katikati ya nyumba ya urithi, na ilinisumbua mpaka nikampigia simu mdogo wangu. Akanikatia. Lakini nilipiga, na hiyo ni kazi ya kitabu.

Fundi alipenda vile vinene, vinavyomwachia mtu swali. Alipomaliza kile cha hakimu aliyehamia nyumba ya jirani na mtu aliyemfunga kimakosa, alimuuliza kila aliyepita: nani aanze kubisha hodi? Alimuuliza Sista, akamuuliza mama wa usafi, akamuuliza na daktari. Daktari akasema ana wagonjwa wengine. "Huyo naye hakimu tu," Fundi akaninong'oneza.

Basi Alhamisi moja, akiwa amefumba macho, akaniambia, "Bi Wembe, nitafutie kitabu kifupi."

"Kifupi vipi?"

"Cha kuanza na kumaliza siku moja. Niletee Jumatatu."

Nilimwelewa pale pale, na sikupenda kumwelewa. Kwa majuma kadhaa alikuwa amepunguza maneno. Miguu ilimkaza kila tulipokaribia kutolewa kwenye mashine, akawa analia kimya kimya akidhani simwoni. Alishaniambia amechoka kuota maji. Sote tunaota maji, sisi tunaopimiwa kikombe cha kutwa nzima, lakini yeye alilisema kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

Siku hiyo hiyo binti yake alinivizia kwenye korido, karibu na mizani tunapopimwa uzito. "Shangazi, baba anasema mashine basi. Anataka akae nyumbani." Akaishia hapo. Mtu wa mashine akikaa nyumbani hakai sana, na yeye alilijua hilo kama mimi. "Wewe anakusikiliza. Ongea naye."

Nikamwambia nitaona. Ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu za kuongea na mtu. Nikitoka mle ndani huwa nafika kitandani na viatu. Kingine ni kwamba sijui kushawishi watu. Najua kuwapa vitabu. Nikafikiri nitafanya ninachokijua.

Chini ya kitanda changu kulikuwa na riwaya nene kuliko zote nilizonazo, ya mkunga aliyechoshwa na mji wake. Sehemu ya kwanza inaishia mlangoni kwake, anaondoka, na nusu ya ukurasa imebaki nyeupe. Nikaikata hapo. Jalada nikalitupa, kipande nikakishona mwenyewe, nikakifunika kwa karatasi ya kaki. Kilionekana kitabu kamili, chembamba na cha adabu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Fundi atasoma, atabaki ananing'inia, atadai kilichobaki. Nitampa Alhamisi kipande, Jumatatu kipande, na hivyo hivyo atakuwa anakuja.

Jumatatu nikampa. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye uzi.

"Nani kashona huu uchafu?"

"Mimi."

"Ungekuwa kwangu ningekufukuza kabla ya chai. Kinamfaa nani?"

Nilikuwa sijajiandaa kwa swali langu mwenyewe. "Kinamfaa mtu aliyechoka," nikasema.

Akasoma. Mimi nilikuwa na kipande changu kifuani lakini sikusoma hata mstari. Nilikuwa nausoma uso wake. Alisoma taratibu, akifunua kurasa kwa dole gumba kama tulivyojizoeza. Mahali fulani akacheka puani. Nikajiambia kanasa.

Alipofika mwisho akakiweka kifuani na kukifunika kwa kiganja. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile sikuwa nimeliona siku nyingi.

"Kimeisha vizuri sana," akasema.

"Eti?"

"Yule mkunga. Kafagia nyumba, kafunga mlango, ufunguo kampa jirani, kaenda zake. Hakulia, hakuhutubia mtu. Mwandishi mwingine angemrudisha aombe radhi." Akavuta pumzi. "Ahsante, dada. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Alhamisi sitakuja. Nilitaka wewe nikuage mwenyewe."

Mashine hutia baridi, sote tunajifunika blanketi, lakini baridi iliyonipata haikutoka kwenye mashine. Nilikuwa nimemtafutia kamba ya kumvutia huku, kumbe nimemfungulia mlango.

"Fundi," nikasema, "hakijaisha."

"Kimeisha. Nimekisoma."

"Hicho ni kipande cha kwanza. Vingine viko nyumbani, chini ya kitanda."

Akakiinua tena. Akaangalia mgongo, akaangalia nilipokata, akapitisha tena kidole kwenye ule uzi, safari hii polepole. Dereva, ambaye huwa anakoroma toka anachomwa sindano, hakukoroma.

"Umenipa kipande ukaniambia ni kitabu."

"Ndiyo."

"Wewe? Mkutubi mzima?"

"Mimi."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alitazama dari, na mimi nikatazama dari hiyo hiyo, mahali palipovimba kwa maji ya mvua.

"Anarudi?" akauliza.

"Nani?"

"Mkunga. Huko mbele. Anarudi kwake?"

Kwa utaratibu wetu sikutakiwa kujibu. Na uongo ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi: anarudi, Fundi, mji mzima unamngoja barabarani. Lakini nilikuwa nimechoka, na uongo nao unataka nguvu.

"Harudi," nikasema. "Anakwenda mji mwingine, anagombana na kila mtu, kuna mahali utacheka mpaka ukohoe. Lakini nyumbani harudi."

"Basi nilikielewa sawasawa."

Akafumba macho, na kwake yeye mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Mimi nikabaki nikipekua rafu zote nilizowahi kuzipanga maishani. Kitabu cha mtu anayetaka kuondoka, wakati wewe unataka abaki. Nilivipitia vyote kichwani, virefu kwa vifupi, na kila nilichokishika nikaona namtuma mtu mwingine aseme badala yangu.

"Sina kitabu kingine," nikamwambia. "Nimekosa. Sina kinachokufaa wala sina cha kukupendekezea. Mimi nataka uje Alhamisi. Simsemei binti yako, yeye ana mdomo wake. Najisemea mimi. Nikiingia humu nikakuta mtu mwingine kwenye kiti hicho, sijui kama na mimi nitakaa. Naogopa, Fundi. Nakuomba uje."

Nikajifuta machozi kwa shuka la hospitali, ambalo limefuliwa mpaka halinyonyi tena kitu. Mashine yangu ikapiga kelele kwa sababu nilikuwa nimejongea. Sista akaja na maneno yake tayari mdomoni, akatuangalia nyuso, akabonyeza kitufe, akaondoka bila kuyasema.

Nilidhani Fundi amelala, mashine huwa inawachukua watu hivyo.

"Daktari alinitisha," akasema mwishowe, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Mwanangu akalia. Wewe ukanidanganya. Watu wote hawa, hakuna hata mmoja aliyeniomba."

"Nimekuomba sasa."

"Nimesikia."

Akasogeza mguu uliokuwa umeanza kumkaza, akauma meno, akasubiri upite. Nikasubiri naye. Haikuwa kitu ambacho mtu anaweza kumsaidia mwenzake.

"Alhamisi nitakuja," akasema. "Kuja Jumatatu, utaniomba tena siku hiyo ya Alhamisi."

"Kila mara?"

"Kila mara. Mimi siahidi zaidi ya hapo."

Nikamwambia sawa, nitaomba. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza.