Kongwa Jipya

...haikulia, au imelia na mimi sikuisikia kwa huu mngurumo wa injini, hapana, haikulia, kongwa likimeza pini hulia kwaa, mlio mmoja mzito unaopanda kutoka kwenye kiti mpaka uti wa mgongo, jana tulipojaribu niliusikia kwenye meno, leo kimya, na mzee Abasi yuko huko nyuma, mkono juu ya tela, anapaza sauti, "Imeshika, Damas?" ananiuliza mimi kwa kuwa masikio yake yaliliwa na nyundo zamani, na magoti hayamruhusu kuinama achungulie, mimi ndiye sikio lake... kongwa, jina hilo alilitoa yeye mwenyewe, siku tulipoifunga sahani mpya nyuma ya kichwa cha lori, sahani nene ya chuma, mdomo wake umepasuka kama panda ya mti, hapo ndipo inapoingia pini iliyo chini ya shingo ya tela, tukakaza bolti, tukapaka grisi, akarudi nyuma akaitazama, akacheka, "Jamani, si kongwa hili!" mafundi wakainamisha macho, naye akasema, "Bibi yangu alitoka Manyema na lake shingoni, amefungwa pamoja na mtumwa mwenzake, mpaka hapa Tabora, nani anikataze kulitaja?" basi tukacheka wote, na jina likabaki... babu yangu mimi alipita njia hiyohiyo na pembe ya ndovu begani, pagazi, kwa hiari yake, akaimba mpaka pwani akarudi na kitambaa, nyumbani tulijivunia bega lake, hatukuuliza nani alitembea mbele yake na nani nyuma... "Damas! Nakuuliza, imeshika?" ...kesho tela hili linakwenda porini, ng'ambo ya Kigwa, kuwahamisha watu, vitanda vyao, kuku wao, milango iliyong'olewa, wapelekwe kijiji kipya kwenye uwanda mweupe usio na kivuli, na nyumba ya kwanza njiani ni ya mama, mama yangu Pelagia, na nyuma ya nyumba hiyo kaburi la baba, karibu hivi kwamba kila asubuhi ufagio wa mama hauishii uani, unafagia, unafagia, unafika mpaka kaburini, unarudi... na mimi nilivishangilia vijiji hivi, sikatai, niliandamana, niliimba mpaka sauti ikakauka, na bado naamini, shule, zahanati, maji ya bomba, nani atakataa maji, ila hakuna aliyesema ni mimi nitakayeendesha, hakuna aliyesema baba atabaki peke yake na majani... kule mkutanoni bwana wa operesheni ya vijiji alipanda juu ya kiti, "Kuna mwenye neno?" watu wakatazama vidole vya miguu yao, mama naye kimya, rozari imezungushwa mkononi, "Basi, tumekubaliana," makofi, na njiani kurudi mama akaniambia, "Mimi sikukubali, Damas, nilikuwa nalitafuta neno," alikuwa analitafuta, na kabla hajalipata walikwisha kupiga makofi...

mguu umekanyaga klachi... wazo lenyewe ni dogo, linaingia mkononi kama sarafu, nikae kimya tu, mzee akunje miguu ya chuma inayolisimamisha tela, mimi niondoe lori, na pale kwenye bonde dogo la geti la karakana pini itateleza, tela litaanguka kifudifudi, sahani itapinda, nyingine itoke Dar kwa treni, na mvua ziko mlangoni, mawingu ya upande wa Itetemia tangu asubuhi yamesimama kama ng'ombe kwenye lambo, mvua zikianza ule udongo mweusi haupitiki, mama atalima shamba lake, atavuna, atafagia, mwaka mzima kwa kimya kimoja... na baada ya mwaka? watakuja, hawaachi kuja, watakuja na dereva mwingine, kijana wa mgambo atapanda paa atang'oa nyasi huku mama yumo ndani, nimeona nyumba ya namna hiyo, jua limesimama katikati ya chumba, chungu bado jikoni... na hata kesho wanaweza kuazima lori jingine, na mimi nitakuwa nimenunua nini... "Mbona kimya?" mzee anacheka huko nyuma, namsikia akipigapiga chuma kwa kiganja, "Kwetu mwali akiulizwa na shehe akanyamaza, amekwisha kukubali! Nikuhesabu umekubali, bwana harusi?" ...anatania, hajui, hajui kwamba amenifungulia mlango, wala sitahitaji kusema uongo, ninyamaze tu, atanihesabu... na ana tabia moja, tela likianza kwenda hutembea kando yake, mkono juu ya chuma, kama anayemsindikiza mgeni, atakuwa pale pale, pale litakapoanguka, yeye na magoti yake... kwetu kanisani padre hangoji kimya, anangoja neno, lisikike mpaka benchi la mwisho, mke wangu Apolinaria alipoulizwa siku ya ndoa alisema ndiyo kwa sauti ndogo, padre akamwambia rudia, binti, hatukusikia... mama alituma neno juzi, kwa mtu wa treni, hakutuma salamu, neno moja tu, "Kama hawana budi, aje Damas, asije mwingine, nipate wa kumlaumu," nikafikiri ni hasira, nikaumia, sasa naona hakuwa na hasira, alinichagulia kazi, mbele ya bwana wa operesheni hana wa kumlaumu, bwana yule hana uso, ana kiti tu, mimi nina uso, aliuosha mwenyewe... nilidhani anayelivuta kongwa yuko huru, na anayeburutwa ndiye mfungwa, kumbe kongwa lina shingo mbili, na wa mbele hawezi kugeuka amtazame wa nyuma... "Haya, mimi nakunja miguu!" mkono wake umeshika mpini, namwona kwenye kioo, mdogo, kofia yake nyeupe ina alama ya grisi...

"Bado!" sauti si yangu, kubwa, mpaka benchi la mwisho, "Bado, mzee Abasi! Acha mpini! Haijashika!"

"Sasa muda wote huo ulikuwa unasali? Sogea mbele basi, nilishushe tela kidogo, halafu nikuite, urudi tena, polepole!"

...polepole, ndiyo, nitarudi polepole, injini inanguruma vilevile, mguu ungali juu ya klachi, mawingu hayajasogea, nitarudi mpaka nilisikie likilia, kwaa, kwenye meno, na kesho nitampa mama mkono apande, akae hapa kwenye kiti changu cha pembeni, anilaumu njia nzima, na mimi sitanyamaza, nitamjibu, sijui nitamjibu nini...