Picha Iliyoning'inia Kaloleni

Kicheko ndicho kilichomfikia Gilbert kwanza, kutoka nyuma ya magunia ya vitunguu pale stesheni ya Voi, kabla hajamwona mwenyewe. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Kicheko hicho huanza chini kama kikohozi, kikapanda, kikakatika ghafla. Mwaka mzima alikuwa na njaa nacho.

Zipporah akatokea, gauni la samawati, viatu vile vile vya harusi ya juzi. Kando yake alikuwa mumewe Bernard, karani wa Taveta, tai imemkaba shingo, sanduku mkononi.

"Bwana mpiga picha!" Bernard akaita. "Tupige hapa, gari moshi lionekane nyuma. Watu wa Taveta wajue nimerudi na mke, si na mzigo."

"Mzigo ni hilo sanduku lako," Zipporah akamjibu. Hapo akamwona Gilbert, na uso wake ukafungika.

Voi nzima ilijua kwamba Gilbert hamwambii mtu "cheka". Wenzake waliwasimamisha wasafiri kama askari wa gwaride. Yeye aliwaambia washushe mabega, watembee kidogo, wasimulie walikotoka, na picha ikisafishwa, mkulima wa Wusi alionekana kama aliyezaliwa ndani ya behewa. Picha iliyompa sifa hiyo ilining'inia kwenye kibanda chake mtaani Kaloleni, hapo hapo Voi: Zipporah peke yake kwenye njia ya Ndara, upepo umemvua kitambaa, anacheka. Gilbert ndiye aliyemchekesha, kwa kisa cha ndovu aliyekula kofia yake.

Siku zile wajomba wa Gilbert walimwambia, "Twende Wusi tukabishe hodi. Wazee wa msichana wanatungoja."

Gilbert akawaka. "Mimi na Zipporah tumeelewana. Mapenzi yangu hayaombewi na wazee!"

Baba yake Zipporah akangoja mpaka mahindi yakavunwa. Hakuna aliyebisha hodi. Kisha wakabisha wazee wa Bernard.

Sasa Gilbert alitaka kujua jambo moja tu kabla gari halijaondoka. Akicheka kwa kisa changu, alijiambia, moyo wake bado uko kwangu.

Kamera yake ilikuwa ya kutazamwa kwa juu: mtu huishika tumboni na kuinamisha kichwa. Alipenda kujigamba kwamba ni kitu pekee duniani kinachomwinamisha.

Zipporah alisimama kama mlingoti, mkoba ameubana kwa mikono miwili.

"Changamka, mama," Bernard akanong'ona. "Watasema nimekuiba."

Gilbert akainamia kamera. "Dada," akasema, "yule ndovu wa Ndara amerudi."

Zipporah akasita. "Amefuata nini?"

"Viatu. Anasema kofia peke yake haipendezi."

Kicheko kikaanza chini, kikapanda. Mabega yakashuka, mkono ukauachia mkoba. Ndani ya kioo cha kamera Gilbert aliufuata mkono ule kwa macho. Ulikwenda kwenye koti la Bernard, ukashika pale bila kutafuta, kama mtu ashikavyo mlango wa kwao gizani. Uso nao ukamgeukia mume, kuona kama na yeye anacheka. Kamera hawakuikumbuka kabisa.

Gilbert akabonyeza. Hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile. Tone likaanguka juu ya kioo, akalifuta kwa kidole gumba, kichwa bado kimeinama.

Bernard alipokuwa akipandisha sanduku, Zipporah alichungulia dirishani.

"Gilbert, ile ya Ndara hata leo iko ukutani?"

"Iko. Wateja wanakuja kwa sababu yake."

"Mume wangu aliiona jana alipopita, bila kujua ni kazi yako. Jioni hakula." Akateremsha sauti. "Nilikungoja, jua hilo. Kila nikisikia mbwa wakibweka nilidhani ni wajomba zako. Sasa nishushie picha yangu."

Jibu la moto lilikuwa tayari mdomoni, lenye vina na mizani. Gari likapiga honi, likajivuta. Gilbert akatembea sambamba na dirisha, na jibu lile akalimeza.

"Nitaishusha, Zipporah!" akasema kwa sauti, hata Bernard akatoa kichwa. "Leo hii, kabla jua halijazama. Na pamoja na picha yenu nitaituma Taveta filamu yake, uichome kwa mkono wako."