Pua ya Jokofu

Mawifi walimbatiza Jokofu siku ya maziko ya kaka yao. Mjane mzima, jicho kavu kama kisigino, anazunguka kuuliza waombolezaji kama wamepata viti! Jina likamganda, naye hakulikataa. Kukataa nako kunataka nguvu.

Kazini aliendelea kukanda watu. Tabibu wa pale wa Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi, aliyeitwa Mapigo kwa kuwa hakumsalimia mtu bila kumdaka mkono asikilize mshipa, alikuwa na sheria moja: mafuta hayapimwi kwa kijiko. "Kijiko kina pua?" Mkandaji anapasha mafuta ya ufuta, anadondoshea lavenda huku ananusa, na anaacha pale ufuta unapoongea huku lavenda ikinong'ona. Basi.

Jokofu alikuwa hasikii harufu yoyote. Tangu maziko, lavenda, sabuni, wali ulioungua, vyote kwake vilikuwa maji. Hakumwambia mtu. Mkono wake ulizoea, ukadondosha wenyewe kama mpishi anayetia chumvi gizani, na wateja wakakoroma kama kawaida.

Mpaka alasiri moja akaja mama mkwe wake, ambaye usingizi ulimhama tangu mwanawe azikwe. Mapigo alimshika mkono, akatikisa kichwa. "Huyu upepo umemjaa. Mmiminie paji la uso, taratibu, na lavenda ya kumtuliza."

Jokofu alijua kinachopikwa nyumbani. Mawifi walitaka arudishwe kwao: mke asiyemlilia mume, abaki kwenye nyumba ya mama yao afanye nini? Neno la mwisho lilikuwa la huyu bibi aliyelala kwenye meza ya kukandia, kajifunika shuka mpaka kidevuni kama mtoto mwenye surua.

"Mbona kimya?" bibi akauliza. "Au na mimi unaniona maiti?"

"Napasha mafuta, Mama."

"Mwanangu alisema ukiwa kazini huwa unaimba."

Jokofu alisimama na chupa mkononi. Ameshadondosha, au bado? Mwenye pua angejua papo hapo. Yeye aliyatazama mafuta, mafuta yakamtazama. Akadondosha tena. Halafu, kwa hofu tu, akaongeza.

Uzi wa mafuta ulipogusa paji, bibi alipiga chafya iliyotikisa meza. Akaketi, machozi yanamchuruzika.

"We mtoto! Duka zima la manukato umenimwagia? Unanituliza au unanihifadhi nisioze?"

"Imezidi?"

"Imezidi? Mlinzi wa getini huko ananukia! Kwani wewe husikii?"

Angeweza kusingizia mafua. Neno lilishafika mdomoni. Lakini hata uongo una mzigo wake, naye alichoka kubeba.

"Sisikii, Mama. Tangu tumzike. Shati lake liko nyuma ya mlango, kila nikiamka naliweka usoni. Kitambaa tu."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

Mama mkwe alijifuta pua kwa ncha ya shuka.

"Mpaka harufu ya mwanangu?"

"Mpaka hiyo."

Bibi akateremka mezani. "Panda."

"Mama, wewe ndiye mgonjwa."

"Nani kakwambia mgonjwa lazima awe mmoja? Panda, mwanangu. Nyumbani kwangu huondoki. Nitawaambia mwenyewe wale wenye midomo, na atakayebisha ahame yeye."

Jokofu akapanda. Alisubiri kufurahi, au angalau kupumua vizuri. Hakikuja kitu. Bibi alichovya vidole kwenye bakuli, akaanza kumkanda utosi. Vibaya sana, kama anayefua gunia.

"Unasikia sasa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

"Haya," bibi akasema, akahamia nyuma ya masikio. Mafuta yalimwingia Jokofu sikioni, na hakuna aliyeyafuta.